Motokaa Katika Theluji: Somo la Njia za Nchi za Baridi

Wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kuiona theluji kwa macho, lakini hawajapata kuigusa. Mtu wa Moshi huiona asubuhi juu ya Kibo, na mtu wa Nyeri huiona juu ya Mlima Kenya siku mawingu yanapoondoka. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipotoa habari kwamba ameuona mlima wenye theluji karibu na mstari wa Ikweta, wako mabwana wenye elimu katika mji wa London waliomkanusha kwa miaka mingi. Mwongozi wake, ambaye hakuwa na haja ya kushindana na mabwana wa London, aliiita kwa neno moja tu: baridi.

Siku hizi jambo hili limetukaribia zaidi kuliko kilele cha Kibo. Wako watu wengi wa kwetu, na wengine wasemao Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi, ambao wanakaa katika miji ya Marekani, ya Kanada na ya Ufini. Wengine ni wanafunzi, wengine huendesha malori na teksi kwa riziki yao. Kijana aliyejifunza kazi hiyo katika vumbi la Dodoma hufika huko mwezi wa Januari, akapewa ufunguo, akadhani ya kuwa gari ni gari na njia ni njia. Somo hili limeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazazi na walimu ambao huulizwa naye kabla ya safari.

UTELEZI NI NINI

Dereva aliyepata kupita udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika amekwisha kujua nusu ya somo. Ameona jinsi magurudumu yanavyozunguka bure bila ya gari kwenda, na jinsi nyuma ya gari inavyotaka kutangulia mbele. Ameona pia kwamba mwenye haraka ndiye alalaye njiani. Lakini tope lina wema mmoja: huonekana. Tena tope humchelewesha mtu, wala hapati mwendo mkubwa wa kumdhuru. Barafu ni adui wa namna nyingine. Aghalabu huwa nyembamba kama karatasi na safi kama kioo, hata rangi nyeusi ya lami huonekana chini yake, na dereva hudhani kwamba njia imelowa maji tu. Watu wa huko huiita barafu nyeusi, na huiogopa kuliko theluji yenye kina cha goti.

Kanuni za njia za Uingereza hufundisha kwamba katika barafu gari huweza kuhitaji nafasi mara kumi zaidi ili lisimame. Na tulipime neno hilo kwa miguu yetu. Ikiwa kwa mwendo fulani gari lako husimama katika hatua 20, katika barafu utahitaji hatua 200. Mwalimu awapeleke wanafunzi uwanjani, ahesabu hatua 20, aweke kijiti. Kisha aendelee mpaka 200, aweke kijiti cha pili. Hapo watafahamu bila ya maneno mengi.

Liko jambo jingine ambalo huwashangaza wageni. Mtu hudhani kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo utelezi unavyozidi. Sivyo. Barafu iliyo karibu na digrii sifuri, ambapo maji huanza kuganda, ina utando wa maji juu yake, na hapo ndipo mpira unapokosa kabisa pa kushika. Baridi ikishuka hata digrii 20 chini ya sifuri, barafu huwa kavu, na gari hushika njia vizuri zaidi. Kwa hiyo siku mbaya kwa dereva ni ile ambayo mchana theluji imeyeyuka kidogo na usiku maji yale yakaganda tena.

Tena madaraja huganda kabla ya njia nyingine. Barabara iliyolala juu ya ardhi hupata joto kidogo kutoka chini, lakini daraja hupigwa na upepo wa baridi juu na chini. Tarehe 11 Februari 1921 na miaka 100 baadaye barafu ni ile ile. Ila mwaka 2021, siku hiyo hiyo ya tarehe 11 Februari, katika mji wa Fort Worth jimbo la Texas, magari zaidi ya 130 yaligongana asubuhi moja katika njia kuu iliyogandwa na barafu ya namna hii, na watu sita wakafa. Texas ni nchi ya jua. Wengi wa wale madereva hawakuwa wageni wa motokaa. Walikuwa wageni wa barafu.

MIPIRA YA MAGURUDUMU

Mtu akituuliza ni kitu gani kimoja anunue kabla ya vingine vyote, tutamjibu: mipira ya majira ya baridi. Mpira wa kawaida, ambao hutufaa sisi katika joto, huanza kuwa mgumu baridi inapopungua chini ya digrii 7 hivi, na katika baridi kali huwa kama ubao. Mpira wa baridi umechanganywa kwa namna nyingine hata hubaki laini, na uso wake una mikato mingi midogo ya kuuma theluji. Kiwanda kilicho katika mji wa Nokia nchi ya Ufini kilitoa mpira wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1934, kwa ajili ya malori, kwa sababu Wafini hawawezi kungoja miezi mitano ili barabara ikauke.

Kabla ya hapo watu walitumia minyororo, na mpaka leo hutumika katika milima. Harry D. Weed, mtu wa Canastota katika jimbo la New York, alipata hati ya minyororo ya magurudumu mwaka 1904; husemwa kwamba fikira hiyo aliipata alipowaona madereva wakifunga kamba katika magurudumu yao ili wapite topeni. Fikira hiyo haina ugeni kwetu. Katika njia za milima ya Alps utaona kibao cha rangi ya samawi kilichochorwa gurudumu lenye mnyororo. Maana yake, asiyefunga mnyororo asipite. Katika nchi ya Norwe lori kubwa halina ruhusa ya kusafiri wakati wa theluji bila ya kuchukua minyororo yake.

Serikali za nchi hizo hazikuliacha jambo la mipira kwa hiari ya mtu. Jimbo la Quebec katika Kanada limeweka sheria kwamba motokaa zote ziwe na mipira ya baridi tangu tarehe 1 Desemba hata 15 Machi. Ufini hutaka hivyo tangu Novemba mpaka mwisho wa Machi ikiwa hali ya hewa au ya njia yahitaji. Ujerumani haikutaja tarehe, bali huitazama njia yenyewe: kukiwa na theluji au barafu, mwenye mipira isiyofaa ana hatia.

Iko na mipira yenye misumari midogo ya chuma, ambayo hushika barafu vema sana. Wafini, Waswidi na Wanorwe huitumia. Lakini Wajapani waliitumia kwa wingi mpaka wakaona hasara yake: siku ambazo njia ilikuwa kavu misumari ilisaga lami, na miji kama Sendai na Sapporo ikajaa vumbi ambalo watu walilivuta vifuani mwao. Mwaka 1990 Japani ilitoa sheria ya kuizuia. Vumbi likaondoka. Lakini magurudumu laini ya magari mengi, yakizunguka na kusimama mahali pamoja penye njia panda, yalianza kuing'arisha barafu mpaka ikawa kama kioo cha kujitazamia. Tumelitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu wenye kutunga amri katika wilaya zetu hukutana na mambo ya namna hiyo kila mwaka: ulipouziba ufa huu, ukuta hupasuka kwingine. Kwa rai yetu Wajapani walifanya vema, maana mapafu ya mtoto hayana mnyororo wa kufungwa. Lakini dereva wa Sapporo ana haki ya kunung'unika.

CHUMVI NA MCHANGA

Swali hili huulizwa mara nyingi: chumvi huyeyushaje barafu, na chumvi haina moto? Mwalimu anaweza kulijibu kwa mabakuli mawili. Apate barafu kwa wauza samaki, aivunjevunje, aigawe sawasawa, na katika bakuli moja atie chumvi ya kupikia kwa wingi na kukoroga. Kama ana kipima joto, ataona ajabu: barafu yenye chumvi inayeyuka upesi, na huku inazidi kuwa baridi, ikashuka digrii kadhaa chini ya sifuri. Yaani chumvi haikuleta moto wowote. Imeyafanya maji yasiweze kuganda mpaka yapate baridi kali zaidi kuliko desturi yake.

Ndiyo sababu magari ya serikali katika Uingereza na Marekani humwaga chumvi njiani, tena yafaa imwagwe kabla ya theluji kuanguka. Lakini kila dawa ina mpaka wake. Maji yenye chumvi nyingi kadiri iwezekanavyo nayo huganda yafikapo digrii 21 chini ya sifuri, na njiani chumvi hupoteza nguvu zake mapema kuliko hapo. Kwa hiyo katika nchi zenye baridi kali hasa, humwagwa mchanga au kokoto ndogo, ambazo haziyeyushi kitu bali hukwaruza. Chumvi tena hula chuma cha madaraja na matumbo ya motokaa, na maji yake huingia mitoni. Mtu anunuaye motokaa iliyotumika katika nchi hizo na kuletwa bandarini kwetu, asiitazame rangi peke yake. Na ainame, aitazame chini.

Katika mji wa Nagaoka nchi ya Japani wametumia njia nyingine. Theluji ya huko ni nyingi mno lakini baridi yake si kali sana, na maji ya chini ya ardhi yana joto kiasi. Basi tangu mwaka 1961 wamelaza mabomba katikati ya barabara, yenye matundu, na theluji ikianguka maji hutoka na kuiyeyusha. Mgeni ataona barabara zina rangi nyekundu kama kutu. Ni chuma kilicho katika maji yale. Werevu huo ungefanywa katika Kanada wakati wa Januari, barabara nzima ingegeuka kuwa barafu kabla ya saa moja kwisha. Tena hata katika Japani kwenyewe wako waliochota maji mengi mno, na ardhi ikadidimia.

Na ni nani aondoaye theluji? Barabara kubwa ni kazi ya serikali na mashine zake, lakini njia ya miguu mbele ya nyumba, katika miji mingi ya Ujerumani, ya Kanada na ya Marekani, ni kazi ya mwenye nyumba. Asipoisafisha asubuhi hutozwa faini, na mpita njia akianguka na kuvunjika mguu huweza kumshitaki. Wazee wa baraza wataona kwamba hiyo si desturi ya kigeni sana.

WALIOZOEA NA WASIOZOEA

Sapporo ni mji wa watu karibu milioni mbili, na kila mwaka huangukiwa na theluji ambayo jumla yake hukaribia meta 5. Shule hufunguliwa, maduka hufunguliwa, watu huenda kazini. Atlanta ni mji mkubwa wa kusini ya Marekani. Tarehe 28 Januari 2014 uliangukiwa na theluji isiyofika sentimeta 7. Ofisi na shule zikawaachia watu wote kwa saa moja. Watu wote wakaingia njiani pamoja. Magari yakaziba njia, hata yale ya kumwaga chumvi hayakupata pa kupita. Watoto wengi walilala mashuleni usiku ule, na wengine katika mabasi. Haikuwa wingi wa theluji uliowashinda. Hawakuwa na mashine za kutosha, wala mipira ya baridi, wala mazoea. Na zaidi ya yote waliondoka kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mzazi asiulize tu kama mtoto wake anakwenda mahali penye baridi kali. Afadhali amwulize kama watu wa mahali pale wameizoea. Katika Ufini mtu hapati cheti cha udereva bila ya kufundishwa habari za utelezi na za kuendesha gizani, na kijana wetu akifika huko atafundishwa pamoja nao. Mahali penye theluji mara moja katika miaka mitatu, shauri jema ni kukaa nyumbani.

Baridi iliyozidi kabisa ina taabu zake. Katika mji wa Yakutsk nchi ya Urusi, wastani wa Januari ni karibu na digrii 40 chini ya sifuri. (Walimu wa hesabu watafurahi kujua kwamba hapo vipimo viwili vya joto, cha Celsius na cha Fahrenheit, hukutana: 40 chini ya sifuri ni sawa katika vyote viwili.) Mafuta ya dizeli huganda kama samli, betri hupoteza nguvu, na mvuke utokao katika bomba la moshi hugeuka ukungu wa barafu unaofunika njia. Wenyeji huzivika motokaa zao mablanketi mazito, ama huacha injini ikinguruma mchana kutwa. Katika Kanada na Ufini utaona nyaya za umeme zikitoka mbele ya motokaa zilizosimama, kama ng'ombe waliofungwa kamba; ni umeme wa kuipasha injini joto usiku. Na maji matupu hayatiwi katika injini kamwe. Maji yakiganda huongezeka ukubwa wake kwa sehemu 9 hivi katika 100, na chuma cha injini hupasuka kama chungu; hutiwa glikoli, nusu kwa nusu, ambayo haigandi mpaka baridi ipite digrii 35 chini ya sifuri.

MKONO WA DEREVA

Kazi yenyewe ina neno moja: upole. Ondoa gari polepole, katika gia ya pili ikiwa ya kwanza inazungusha magurudumu bure. Piga breki mapema, wala usipige breki na kukata usukani kwa wakati mmoja. Kilima ukikianza usisimame katikati. Mbele ya gari ikikataa kugeuka, punguza mafuta, ungoje magurudumu yashike. Nyuma ikitoroka kwenda kuume, zungusha usukani kuume vilevile, kidogo, bila ya hofu, na macho yatazame mahali unapotaka kwenda. Usilitazame shimo, maana mkono hufuata jicho. Gari lenye breki za kisasa zisizofunga magurudumu, kanyaga kwa nguvu wala usiachie, hata ukisikia linatetemeka chini ya mguu. La zamani, kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia.

Kabla ya kuondoka futa theluji yote, juu ya paa na taa pia. Mvivu hufuta tundu dogo mbele ya uso wake kama mtu achunguliaye katika mlango. Kisha akipiga breki theluji ya paani humwangukia kiooni, naye akawa kipofu katikati ya njia.

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: ukikwama katika dhoruba, usiliache gari. Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliupiga mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, na watu zaidi ya 40 wakafa katika mji huo na wilaya yake. Buffalo ni mji wa watu walioizoea theluji sana. Hata hivyo wako waliokutwa wamekufa motokaani, na wengine nje, njiani. Katika upepo ule mtu haoni mkono wake mwenyewe, na hatua 50 zaweza kumpoteza.

Lakini ndani ya gari nako kuna mauti ya siri. Mtu huwasha injini apate joto. Theluji huziba bomba la moshi. Na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huingia ndani, akalala usingizi asiamke. Kwa hiyo kwanza shuka, ufukue bomba kwa koleo. Kisha washa injini kwa dakika kumi hivi katika kila saa, na dirisha moja la upande usio na upepo liwe wazi kidogo. Funga kitambaa chekundu nje. Desemba 2020 magari zaidi ya 2,000 yalikwama katika njia kuu ya Kan'etsu nchi ya Japani, wengine kwa muda wa siku mbili, na waliokuwa na blanketi, maji, chakula kidogo na koleo garini walijua faida yake.

BARABARA JUU YA MAJI

Na tumalizie kwa njia ambazo ukimsimulia bibi yako atadhani unamtania. Katika Estonia, baridi ikiwa kali, bahari huganda, na serikali hufungua njia ya motokaa kutoka bara hata kisiwa cha Hiiumaa, kama kilometa 26 juu ya barafu. Sheria zake ni kinyume cha sheria za nchi kavu. Mkanda wa kiti haufungwi, ili mtu aweze kuruka nje barafu ikivunjika. Magari hayafuatani karibu. Na mwendo ni ama chini ya kilometa 25 kwa saa, ama kati ya 40 na 70. Baina ya 25 na 40 ni marufuku.

Sababu yake yapasa kufahamiwa. Gari liendapo juu ya barafu huibonyeza kidogo, na maji ya chini husukumwa yakafanya wimbi lisafirilo chini ya barafu. Mwendo wa gari ukiwa sawa na mwendo wa wimbi lile, wimbi hukua na kukua chini ya gari lenyewe, mpaka barafu ikapasuka. Warusi waliyaona hayo kwa uchungu katika ziwa Ladoga tangu Novemba 1941, mji wa Leningrad ulipozungukwa na majeshi ya Wajerumani, na malori yakapeleka unga juu ya ziwa lililoganda. Madereva wengi waliendesha na milango wazi, katika baridi ile, ili waweze kuruka.

Kaskazini ya Kanada hufunguliwa kila mwaka njia ya mamia ya kilometa kutoka ziwa Tibbitt kwenda kwenye machimbo ya almasi, na sehemu yake kubwa ni juu ya maziwa. Lori lenye mzigo haliruhusiwi kupita kilometa 25 kwa saa barafuni, na likaribiapo ukingo hupunguza zaidi, kwa kuwa huko wimbi hugonga nchi kavu na kurudi. Kazi huanza mwisho wa Januari au Februari. Kufika Aprili wapimaji hutoboa barafu, hutazama unene wake, na siku moja hufunga lango. Na barafu ikiisha kuyeyuka, mahali palipopita malori hupita mitumbwi.